Albamu Ulizoniomba na Wimbo Uliomkatiza Bibi

Bweni la Wasichana,
Kihanga, Karagwe.
Jumapili, baada ya misa.

Kaka Projestus,

Shikamoo. Natanguliza salamu kwa sababu Mama alitulea hivyo, kwamba hata mwenye kinyongo husalimu kwanza ndipo aseme lake. Mgongo wa Mama unaendeleaje baada ya ile safari ya kuja kunitembelea? Kahawa mmemaliza kuanika, au mvua imewarudisha nyuma tena? Mimi mwili ni mzima. Malaria niliyokuandikia mara iliyopita imekwisha, nimerudi darasani, na mtihani wa kujipima wa kidato cha nne nimeufanya wote bila kukosa hata somo moja. Hizo ndizo habari zangu njema. Zilizobaki zinakuhusu wewe.

Najua utashangaa Leonida kuandika hivi, yule ambaye akipitishwa kituo hushuka kinachofuata na kurudi kwa miguu kuliko kumwambia kondakta. Ni kweli. Ungekuwa mbele yangu ningetazama vidole vya miguu na kusema hakuna neno. Hata kwenye simu ungenicheka kidogo nami ningenyamaza, kwa hiyo leo nashukuru kwamba simu haziruhusiwi hapa shuleni. Kwenye karatasi naweza kusema mpaka nimalize.

Uliponunua ile spika kubwa na kuanza kazi ya kupiga muziki kwenye sherehe, uliniandikia barua. Bado ninayo. Ulisema nyimbo zako zote ni za aina moja, za vijana, na unataka kuanza mkusanyiko wa kila aina ili mtu wa rika lolote akija asikose chake. Ukasema, "Wewe mdogo wangu unashinda maktaba, nitajie albamu za kuanzia." Kaka, nilifurahi kuliko nilivyokuonyesha. Watu huniuliza kama nimeshiba au kama nimefaulu. Wewe uliniuliza kitu ninachokijua.

Unajua habari ya lile kabati la maktaba, lililojaa kanda na sidii alizoziacha mwalimu mmoja alipostaafu. Kila Jumamosi nikimaliza kupanga vitabu, mwalimu wa maktaba huniruhusu kusikiliza kwa hedifoni inayosikika upande mmoja tu. Nilitumia Jumamosi tano kwa ajili yako. Nilisikiliza, nikarudia, nikaandika, nikafuta. Mwishowe nikakutumia albamu saba, na chini yake nikakupa sharti moja: kila albamu uisikilize tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho kabla hujachagua wa kupiga, maana aliyezipanga zile nyimbo alikuwa na sababu yake, na wimbo wa nane huwa haueleweki kama hukupita kwenye wa saba. Ulinijibu, "Asante profesa." Nilicheka. Sikujua kwamba hukulisoma lile sharti.

Siku ya kutembelewa Mama alikuja. Tulikaa kwenye nyasi nyuma ya bwalo, akafungua ndizi na maharage, nami nikamwomba anisimulie sendofu ya Koleta, kwa kuwa mtihani ulinizuia kumuaga dada yangu mwenyewe. Akanisimulia nguo, akanisimulia chakula. Kisha akaanza kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mkononi mwake.

Nikamuuliza, "Bibi aliimba?"

"Aliimba."

"Alifika wapi?"

Mama akatazama magoti yake. "Alifika kwangu."

Sina haja ya kukueleza maana yake, lakini nitakueleza, kwa sababu inaelekea umesahau. Katika nyumba yetu msichana haondoki hivi hivi. Bibi husimama na kuwaimba wanawake wa nyumba hii mmoja mmoja, tangu yule wa mbali kabisa aliyekuja na jembe lake begani, hadi mama mkwe wake, hadi yeye mwenyewe, hadi Mama. Kila mmoja anatajwa na kitu alichojulikana nacho. Wanawake waliokaa huitikia. Na mwishoni kabisa humtaja bibi harusi kwa jina, na kumpa neno lake, neno ambalo hakuna anayelijua kabla, na bibi harusi huondoka nalo. Ukikata pale Mama alipotajwa, umekata nini? Umemkata Koleta.

Mama alinisimulia polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Mshereheshaji alichukua kipaza sauti cha pili akasema, "Bibi yetu ametutoa mbali jamani, tangu enzi za mkoloni. Akiendelea hivi tutafika kwetu Ijumaa. DJ, hebu tuamshe." Watu wakacheka. Na wewe, Kaka, ukatuamsha. Mama hakuweza kunitajia maneno ya wimbo ulioupiga, na mimi siwezi kuyaandika kwenye karatasi hii.

Bibi alidhani ile sauti ya kwenye spika inamwitikia. Alingoja imalize ili aendelee. Alipoona vijana wameinuka kucheza ndipo akaelewa, akakugeukia wewe uliyekuwa umekaa hatua tatu tu kutoka kwake, akasema kwa lile neno letu la heshima, "Waitu, sijafika."

Nawe ukamjibu, "Bibi, utaendelea baadaye, muda umebana."

Hiyo baadaye haikuja. Mama anasema Bibi alikilaza kile kipaza sauti kwenye mapaja yake, juu ya kitenge kipya, akakaa nacho hadi watu wanaondoka, na hakuna aliyekumbuka kumpokea.

Nilipomuuliza Mama kwa nini ulifanya hivyo, alisema ulimwambia uliona aibu. Wageni wa Muleba walikuja na magari, baba mkwe wa Koleta ni ofisa, ukaogopa watatuona watu wa porini. Kaka, Kinyambo chetu na Kihaya chao huelewana bila mkalimani, na wewe unalijua hilo kwa sababu unauza nyimbo za Kihaya hapo Kibingo kila siku ya gulio. Wale wageni walikuwa wanaelewa kila neno. Shangazi wa bwana harusi, yule mama mnene mwenye kilemba cha zambarau, alikuwa ameinua mkono na alikuwa anaitikia. Mama alimwona. Wewe ulikuwa unatazama vitufe. Wakati wa kuagana yule shangazi alimkumbatia Mama akamnong'oneza, "Mbona mmemkatiza mama kabla hajamtaja mtoto? Sasa sisi tumemchukua nani?"

Ulimwonea aibu bibi yako mbele ya watu waliokuwa wanamsikiliza. Sijui kosa kama hilo linaitwaje.

Na halikuishia hapo. Huko Muleba wifi zake Koleta wamempa jina. Wanamwita Asiyetajwa. "Asiyetajwa, lete maji. Asiyetajwa, mbona ndizi hazijamenywa?" Wanatania, ndiyo, na Koleta hucheka nao, unamjua alivyo. Lakini alimpigia Mama simu akalia mpaka salio likakatika. Na Bibi ndiyo kabisa. Mama anasema haimbi tena, hata ule mguno wa wakati wa kumenya ndizi haupo. Jirani alikuja kumwomba aje amwimbie binti yake mwezi ujao. Bibi akamjibu, "Mwiteni Projestus alete spika."

Unielewe vizuri hapa. Mama hawajui wale wanawake wa mwanzo. Mimi nawajua watatu tu, na wawili kati yao nachanganya. Bibi akifunga mdomo, hakuna mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniudhi kuliko yote, na ambalo limenifanya nikae wiki nzima kabla ya kuandika. Mama alipokulaumu, ulisema, "Hata Leonida mwenyewe hakumweka Bibi kwenye orodha." Ulijificha nyuma ya karatasi yangu. Nilitoka pale nikaenda kufungua daftari langu nilikonakili ile orodha. Ni kweli. Sikumweka. Niliweka muziki wa enanga, zeze la kwetu, uliorekodiwa na mtu nisiyemjua, tena namba saba, na pembeni nikaandika "ukipata nafasi." Bibi anayekaa chumba cha pili kutoka kitanda changu cha nyumbani sikumfikiria, kwa sababu hana jalada wala picha, wala hayuko kwenye kabati la maktaba. Nimesoma sana, nimekuwa mjinga kwa jambo hilo. Hasira hiyo ni yangu na nitabaki nayo. Lakini sehemu yako nakurudishia, maana mtu hahitaji orodha ili amjue bibi yake.

Ile karatasi ya kwanza ichane. Nakuandikia upya, kwa sababu uliniomba na mimi nilikubali, na sipendi kazi yangu ibaki imepinda. Majina ya albamu na waimbaji yako kwenye karatasi ya pili niliyoibana na hii. Hapa nakwambia sababu tu.

Anza na ile ya dansi ya zamani. Ina magitaa matatu, na kila moja lina kazi yake: moja linatembea, moja linajibu, la tatu linaingia likiwa limechelewa na bado halikosei. Wazee wa kahawa wakiisikia wataacha kugombana juu ya bei. Usiipige kwa sauti ya juu, spika yako italiua lile gitaa la tatu.

Kisha taarabu, ile yenye nyimbo sita tu. Utaona ni ndefu na utataka kuruka utangulizi. Usiruke. Fidla zinaingia taratibu ili mwimbaji akianza kusema vijembe uwe tayari umekaa. Watu wa Bara hupenda kusema hatuelewi taarabu, ila hakuna anayeelewa vijembe kuliko wanawake wa Kibingo.

Ya Kongo niliyokuchagulia sio ya kuchezwa, ni ya kusikilizwa. Wanaimba wanaume wanne na huwezi kujua nani amebeba nani. Ya kwaya nimeibadilisha. Ile ya kwanza ilikuwa na kinanda kingi. Hii ya sasa ni ya kwaya ya kijijini, sauti tupu, na kwenye wimbo wa pili mtoto anakohoa. Nimeipenda kwa sababu hawakukitoa kile kikohozi. Rege moja inakutosha kwa kuanzia. Na uweke moja isiyo na maneno kabisa, ya tarumbeta na piano. Mara ya kwanza nilisinzia. Mara ya tatu nilisahau kwenda kula.

Bongofleva unazo zaidi ya elfu, sikuongezei. Nakuomba tu uchague albamu moja ya msanii mmoja, uisikilize nzima kama mtu mzima, uone kama inasimama.

Bila bongofleva, hizo ni sita. Ya saba nimeacha mstari mtupu, na wewe huruhusiwi kuujaza kwa kalamu.

Fanya hivi. Koleta atakuja nyumbani kuwatembelea kabla sijafunga shule, Mama ameniambia. Mwombe aje na yule shangazi mwenye kilemba, mwambie mimi ndiye niliyemwomba, kama wewe unaona haya. Siku chache kabla hawajafika, asubuhi Bibi akiwa hajaenda shambani, weka kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo chenye mfuniko, umpelekee kwa mikono miwili, ukae chini kwenye mkeka. Usimpelekee kitenge. Usimpelekee soda. Usianze kueleza habari ya muda kubana. Akichukua punje moja akatafuna, nyamaza mpaka aseme. Asipochukua, rudi kesho yake, na kesho kutwa, hata kama una sherehe ya kupiga muziki mahali. Anaweza kukufukuza. Una miguu, utarudi.

Akikubali kuimba, aanze upya tangu yule wa jembe begani. Asianzie alipokatizwa. Shangazi ataitikia, Mama ataitikia, na wewe utakaa pembeni na wanaume wengine. Usitoe simu. Najua mkono utakuwasha, na mimi huku ningetoa kila kitu nilicho nacho niisikie rekodi hiyo, lakini safari hii haimbi kwa ajili ya mkusanyiko wako wala wangu. Kama siku nyingine yeye mwenyewe atasema, "Rekodini," basi nitakuja na daftari niandike kila jina, na ndipo namba saba itaandikwa.

Nisalimie Mama, mwambie ndizi alizoniletea nilizigawa kwa wenzangu wa chumba na wote wamemwombea. Nisalimie wifi yangu, mkeo, na umwambie nilisikia kwamba yeye peke yake alikuvuta shati siku ile, ukamwondoa mkono. Namshukuru. Kwa Bibi usipeleke salamu zangu mpaka umeshakaa kwenye mkeka. Nikizituma mapema atadhani mimi ndiye niliyekutuma.

Sikuchukii, Kaka. Ningekuwa nakuchukia ningekunyima ile ya magitaa matatu.

Ukijibu barua hii, usinieleze ulivyojuta. Niandikie neno moja tu, lile ambalo Bibi amempa Koleta. Kama bado hulijui, usiniandikie kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Leonida