Kisa Printa, Mkwe Wangu Kaniachia Ufunguo wa Duka

Mshauri wangu, nimekusoma miaka mingi na sikuwahi kudhani siku moja nitakuwa upande huu wa ukurasa, lakini maji yamenifika shingoni, nakuomba unisaidie, na kama utacheka, cheka kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mimi ni mjane, nina duka la kuchapa na kutoa kopi nililolianza na marehemu mume wangu, watu wote walimwita Fundi, na kompyuta ya kaunta ni yeye aliyeiweka, mimi nilikuwa sijui hata pa kuiwashia, akanikalisha kwenye kiti chake, yeye akasimama nyuma, akaniambia, "Mama watoto, usiogope, haiumi," akanifungulia Kontrol Paneli, ule ukurasa wa zamani wenye vipicha, saa, kibodi, spika, printa, kila kimoja mahali pake, akasema mipango yote ya kompyuta inakaa humu, ukiijua njia ya humu hakuna wa kukubabaisha, nami nikaijua, mshauri, nikaijua hadi nikawa naongea na mteja huku mkono unakwenda wenyewe kwenye kipicha cha printa, na kila kilipotokea kijiujumbe cha maneno mengi alikuwa akiniambia, "Bonyeza Sawa, twende," tunacheka, tunaendelea na kazi. Nakumbuka karatasi zikitoka zingali na joto, redio juu ya kabati, na yeye na kikombe chake cha chai ambacho lazima akiweke juu ya mashine ya kopi ingawa nilimkataza kila siku ya Mungu. Nilikuwa na furaha wakati ule.

Sasa kompyuta imejisasisha weee, na wametuletea kitu kinaitwa Mipangilio, ukurasa mweupe, mistari na swichi, hakuna kipicha cha maana, unabonyeza hiki unapelekwa kile, unazungushwa, na mwisho wa kuzungushwa ukibonyeza "zaidi" linafunguka dirisha lile lile la zamani, sasa si bora ningeanzia huko huko? Na vingine vya zamani nikivibonyeza vinanitupa huku kupya, kila inapojisasisha kunapungua kitu, na kila kinapopungua roho inaniuma, kana kwamba kuna mtu anaingia nyumbani na kuhamisha vitu vya mume wangu bila kuniuliza.

Mke wa mwanangu tunafanya kazi pamoja dukani tangu mwanangu apate kazi mbali, ni binti mwenye heshima, mchapakazi, ila yeye ni Mipangilio tu, ananiambia, "Mama, achana na huko kwa zamani, wenyewe wanapaondoa," nami moyoni nachemka. Tuna printa mbili, kubwa ya karatasi na ndogo ya picha, na mimi nataka kubwa ndiyo iwe ya kwanza siku zote, nikibonyeza chapa kazi iende kwake yenyewe, kama Fundi alivyopanga, basi mkwe akitoka kumchukua mjukuu wangu shuleni naingia Kontrol Paneli naiweka kubwa, Sawa, twende, na kesho yake nakuta ndogo imeshika nafasi ya mbele tena, na siku moja nikamsikia ananung'unika, "Nani anazima kitu changu hapa?" nikajua huyu ananipiga vita, na sikumuuliza.

Wiki iliyopita akaja bibi harusi mtarajiwa kuchapa kadi za mwaliko, mkwe ndio kwanza alikuwa amemaliza kuchapa picha za mteja mwingine, mimi nikabonyeza chapa bila kutazama, kadi zikatokea kwenye printa ndogo, zimekatika katikati, jina la bibi harusi lipo, la bwana harusi halipo, yule binti akazigeuza geuza akauliza, "Kwani mimi naolewa na nani?" watu wakaangua kicheko, na aibu yangu ikageuka hasira, nikamgeukia mkwe mbele ya wateja wote nikamwambia, "Umekuja humu kumfuta mume wangu, na hujaridhika, unataka unifute na mimi!" Hakunijibu kwa ukali. Aliuchomoa ufunguo wa duka katikati ya funguo zake, akauweka kaunta, akasema, "Mama, baba mimi sikumkuta, lakini sikuja kumfuta," akaondoka.

Hajarudi mpaka leo. Mwanangu akipiga simu ananisalimia kisha anasema ana kazi. Nasikia duka la mtaa wa pili wanamtaka, na akianza huko najua hatarudi tena. Nataka arudi, mshauri, nampenda yule mtoto, lakini akirudi na Mipangilio yake naona kama namzika Fundi mara ya pili. Nifanye nini?

Mama wa Printa Mbili


MSHAURI ANAJIBU

Mama, pole sana kwa kufiwa. Naitoa pole hiyo kwa moyo wangu wote na naitanguliza makusudi, maana sasa nakugombeza.

Barua yako nilimsomea jamaa anayetutunzia kompyuta hapa ofisini. Hata kwenye harusi hatujafika, akaanza kutikisa kichwa. Kule kwenye Mipangilio kuna swichi inayoiruhusu kompyuta ijichagulie printa: ile iliyotumika mwisho ndiyo inakuwa ya kwanza. Kwa anavyoona yeye, mkwe wako aliiwasha ili kujipunguzia kazi. Wewe ukiipanga printa kubwa kule kwa zamani, swichi hiyo inazimika. Na kompyuta inakuambia! Kile kijiujumbe cha maneno mengi ndicho kinachokueleza. Wewe unabonyeza Sawa, twende. Twende wapi, mama? Mwenzako akija anakuta swichi imezimwa, anaiwasha. Mmepigana bila kujua, kila mmoja akitengua kazi ya mwenzake, na hakuna aliyefungua mdomo kuuliza. Kati yenu mkubwa ni wewe, kwa hiyo lawama kubwa ni yako.

Kuhusu Kontrol Paneli, sikucheki hata kidogo. Ninayo simu ya zamani kwenye droo, haishiki chaji tena, na bado kuna siku naitoa nabonyeza vile vitufe vyake kwa sababu vidole vinavikumbuka. Ukurasa ule ulipangwa vizuri, mtu akiuzoea anaukuta alipouacha, na waliouhamisha hawakukuuliza. Ulie, una haki. Ila usimlize na mtu mwingine.

Halafu hili la kumzika Fundi mara ya pili liondoe kabisa kichwani. Mwanaume aliyekuachia kiti chake akasimama nyuma yako, alitaka uweze. Hakutaka ubaki unalinda vipicha. Na iko siku watauondoa ule ukurasa wote. Utabonyeza, hakuna kitakachofunguka. Siku hiyo utataka nani awe amesimama nyuma ya kiti chako? Yule wa kuzungushwa zungushwa unamjua, ni wewe. Yule wa kukuonyesha njia umemfukuza mbele za watu.

Basi fanya hivi. Usipige simu, na usimtume mwanao, mwache na kazi yake. Nenda mwenyewe nyumbani kwa mkwe wako, leo, na ufunguo mkononi. Mwombe radhi. Akikubali kurudi, mwombe radhi tena dukani, wateja wakiwepo, kwa sababu ndiko ulikomvunjia heshima. Kadi za yule bibi harusi zichapeni upya, nyinyi wawili, kwenye printa kubwa. Kisha kaa kitini, umwambie akufundishe Mipangilio, na ukitokea ujumbe, usome mpaka mwisho kabla mkono haujakwenda popote.

Na ukimaliza somo lake, mpishe kiti. Mfungulie Kontrol Paneli ingali ipo, mwonyeshe kipicha kimoja kimoja, umsimulie aliyekufundisha, jinsi alivyocheka, na jinsi alivyokuwa mbishi wa kuweka chai juu ya mashine. Soma tena maneno aliyokuambia akiondoka. Alisema baba hakumkuta. Mama, yule binti amekaa nawe kaunta moja muda wote huo akifanya kazi katika duka la mtu asiyemjua, na wewe, uliyemjua kuliko wote, hukumsimulia.