Vitunguu Visivyoliza

Jumamosi, 9 Machi 1974

Theluji imeyeyuka upande wa ukuta kwa Tant Märta. Vimetokea vile viua vyeupe vidogo, vimeinamisha vichwa kama watu wa msibani. Tant akapiga makofi. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Kiswidi bado hakijanikaa ulimini. Tant ni kama kusema shangazi, mwenyewe ametaka nimwite hivyo. Mzee, mjane, bustani ni ya marehemu mumewe. Mimi ndiyo mikono yake.

Kurudi Bredäng, ninakokaa kwa dada na mumewe, nimerudi kwa miguu. Unaacha nyumba za watu wenye bustani, unaingia kwenye maghorofa yetu, basi umefika.

Nikashuka stoo ya chini kuangalia boksi langu. Ni mbegu za maua alizonipa Tant baridi ilipoanza, zilimzidi. Zile za manjano za Pasaka. Nilitaka kuzipanda chini ya dirisha letu, msimamizi wa jengo akanifukuza. Maneno sikuyaelewa, macho niliyaelewa. Basi zimekaa stoo. Ngumu, duara, ngozi ya kahawia. Juu ya boksi nimeandika mwenyewe kwa kalamu nene: LÖK. Ndivyo Tant anavyoziita. Neno langu la kwanza la Kiswidi kuandika bila kuangalizia! Na vinukta viwili juu ya O nimevitia sawasawa.

Jumapili, 17 Machi

Kanisani, halafu nyumbani. Kwaresima, hakuna nyama. Dada Dafrosa anakula ugali na kachumbari kama yuko Bukoba. Shemeji Deusdedit hataki hata harufu ya kitunguu kibichi. Anamwambia, mama, ukinisogelea na mdomo huo naita polisi. Dada akampulizia makusudi. Tukacheka.

Baadaye hawakucheka. Mama yake shemeji ametuma tena maneno kwa mtu aliyetoka nyumbani. Miaka sita ya ndoa, mtoto hakuna. Ameshaona msichana wa kumwozesha huko Kamachumu, mtoto wa watu, anasubiri jibu tu. Shemeji alisema wazee wana mambo yao. Lakini zamani alikuwa akilisema hilo anacheka. Leo amelisema anaangalia dirishani.

Dada aliosha vyombo vilevile safi mara ya pili.

Alhamisi, 21 Machi

Sungura wakubwa wa huku wamekula maua yote ya krokus kwa Tant. Vimebaki vijiti. Tant alisimama na fimbo yake, akasema mwaka huu umeanza vibaya. Sijui kwa nini neno hilo lilinikaa moyoni.

Jioni dada anapika, anacheka peke yake. Nimekata bakuli zima, anasema, jicho halijalowa! Vitunguu vya Wazungu havina machozi. Hata vitunguu vyao vinaona haya kulia mbele za watu.

Shemeji hakuwepo, yuko shifti ya usiku kiwandani, anakula hukohuko. Mimi nilishiba kwa Tant. Dada akala kachumbari yake yote.

Baada ya muda nikamsikia chooni. Anatapika.

Jumapili, 24 Machi

Dada ametapika tena jana na leo. Mikono yake ina vipele, inamwasha. Anasema sabuni ya kazini — anahudumia wazee, kutwa kunawa.

Kuta zetu karatasi. Nimesikia bila kutaka. Dada akasema, Deus, siku zangu zimepita. Halafu sauti kama mtu anapiga magoti.

Na mimi nikaomba, Mungu wangu, iwe kweli.

Jumamosi, 30 Machi

Kwa Tant. Tulpan, mbegu nyingine za maua, zimetoa majani manene, mazuri. Nikafurahi. Tant akainama, akafunua majani kwa kidole, moja moja. Katikati hakuna kitu. Akasema, vipofu. Ndivyo wanavyoziita huku. Inaota, inanenepa, unangoja — ua halimo.

Zingine hazikuota kabisa. Nikachimbua moja. Ganda tupu. Mnyama ameingilia chini, amekula ndani, ameacha ngozi imesimama kama nzima. Tant anamwita sork. Panya wa udongoni.

Nililishika ganda lile mkononi. Jepesi! Nikalitupa haraka.

Jumanne, 2 Aprili

Nimetapika mimi! Roho ilitaka kutoka. Jana dada alikaanga samaki na vitunguu vingi, tukala wawili. Yeye katapika, mimi nimetapika. Shemeji aliporudi asubuhi akanikuta nimekumbatia ndoo. Akasema, ee, shemeji, na wewe mwanamume umeshika? Tutalea wangapi humu ndani!

Dada alicheka mpaka akajishika tumbo. Anavyolishika siku hizi, kwa mikono miwili.

Samaki ndio wamebeba lawama.

Jumapili ya Matawi, 7 Aprili

Matawi ya huku si mitende, ni vijiti vyenye manyoya kama masikio ya paka. Onyango na mkewe Wilkister wamekuja kutoka Rinkeby. Watu wa Kisumu, tunasali wote. Wilkister hata koti hakuvua. Akamshika dada kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. Wewe Dafrosa, unanificha mimi? Hiyo shingo inadunda!

Kelele! Vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Onyango anamwambia shemeji, bwana, nilidhani baridi imekuharibu. Shemeji anacheka na machozi yanamtoka.

Wamekubaliana Pasaka wote waje hapa, na Mueni, yule dada wa Machakos anayekaa Fisksätra. Pilau kubwa. Shemeji atasimama aseme rasmi. Kwa mama yake ameshapeleka habari kwa simu ya posta, hakungoja. Yule msichana wa Kamachumu aambiwe basi.

Dada ana miadi na daktari Jumanne baada ya Pasaka. Anasema ni ya kuthibitisha tu.

Moyo wangu hautulii. Mbona hata mimi nilitapika?

Jumatano, 10 Aprili

Naandika usiku, mlango nimeufunga.

Asubuhi tumechimbua tuta la tulpan kwa Tant, tuone kama kuna ya kuokoa. Hakuna. Maganda. Njia ya panya inapita chini kama bomba. Nikaifuata na koleo. Inapita katikati ya yale maua ya Pasaka, yameanza kufunga vichwa, mazima yote. Kando kabisa ya mbegu zake inapita. Hata jino moja hakutia.

Nikauliza. Mimi, nikauliza! Kwa nini hizi hakula?

Tant akasema, sumu. Ana akili, yule panya. Akanionyesha glavu zake, akasema hata maji ya mbegu hizi yanawasha mikono, yanatoa vipele. Halafu akacheka. Wakati wa vita jirani yake alizikuta stoo akadhani ni vitunguu vya kupikia. Si jina moja? Akazikaanga. Nyumba nzima walitapika.

Jina moja, nikasema.

Ndiyo, lök. Cha kula lök, cha ua lök. Hamna hivyo kwenu?

Nikamuuliza wanakufa? Akafikiri. Kwa kawaida hawafi, akasema.

Kwa kawaida!

Koleo nimeliacha limesimama udongoni. Nimekimbia mpaka Bredäng. Stoo — boksi hakuna. Nikapanda ngazi, sikungoja lifti. Boksi liko jikoni, chini ya meza, nyuma ya ndoo; kumbe dada alilipandisha akidhani ni vitunguu. Limebaki nusu. LÖK, maandishi yangu, yananiangalia. Laiti ningeandika maua! Laiti ningeandika Kiswahili kama mtu mwenye adabu zake!

Dada alikuwa amekaa, amekunja kitu mapajani. Sweta ndogo nyeupe, Wilkister kaifuma. Mkono wake haupiti hata kidole changu. Akasema, njoo uone, mjomba. Umekimbizwa na nani?

Nikafungua mdomo.

Akasema, unajua Severin, jana nimelala usingizi. Miaka sita sijalala.

Nikafunga mdomo. Nikasema mbwa.

Alhamisi Kuu, 11 Aprili

Nimekwenda duka la hapa chini, nimenunua vitunguu. Nilimnyooshea muuzaji kidole, lile neno sikulitamka. Vikavu, vya kahawia, saizi ileile. Dada yuko kazini, shemeji amelala. Nimetoa vile, nimetia hivi, boksi lilelile, neno lilelile juu.

Vile nimevibeba kwa Tant kwenye mfuko. Vimeota ncha za kijani, kama vidole. Kuvitupa nilishindwa. Nimevifukia kwenye tuta lililoliwa. Tant aliniangalia dirishani, hakutoka.

Wageni hawatakula sumu. Hilo nimelimaliza.

Lakini kutapika kukiisha? Atasema nini? Wote watasema nini? Nilimsikia kwa masikio yangu, siku zake zimepita. Labda mtoto yumo kweli. Kama hayumo, mimi ndiye nitamwambia? Na kama yumo — hiyo sumu, wiki tatu, imemfikia wapi? Tant alisema kwa kawaida. Alimaanisha watu wazima. Mtoto wa ukubwa wa kidole hakumtaja.

Nilikuwa nimwambie shemeji. Nikasimama mlangoni kwao. Anakoroma kwa raha. Nikarudi.

Ijumaa Kuu, 12 Aprili

Dada amefunga. Chai na mkate tu. Hajatapika.

Jioni akasema, mtoto leo ametulia, anaheshimu Ijumaa Kuu. Shemeji akasema huyo atakuwa padri. Wakacheka.

Mara ya pili alisema ametulia. Hakucheka.

Jumamosi Kuu, 13 Aprili

Hajatapika. Vipele mikononi vinakauka. Amevitazama sana leo, anageuza viganja. Akaniuliza, Severin, sabuni si ileile? Nikasema ileile.

Huyu anafanya kazi na wagonjwa. Si mjinga, dada yangu.

Kwa Tant usiku uliopita kumeganda. Maua ya Pasaka yamelala chini yote, mashina yamepinda. Tant anasema jua likipata nguvu yatainuka, mengine. Usiyaguse, akasema. Ukiyainua mwenyewe yanakatika.

Jumapili ya Pasaka, 14 Aprili

Kristo amefufuka. Tumerudi kutoka misa. Shemeji amevaa suti, anapangapanga viti, anafanya mazoezi ya hotuba kwenye kioo. Mama yangu na baba yangu mngekuwepo — hapo anakwama, anaanza tena.

Mimi niko chumbani kwangu, mlango nimeuacha wazi kidogo. Namwona dada kwa mgongo. Mchele umeroweka. Nyama imechemka. Gauni jipya, kiunoni amelipanua. Ameinama akavuta boksi chini ya meza. Amechukua kimoja, amekimenya. Anaimba wimbo wa misa.

Kisu kinakwenda. Tak tak tak. Cha pili.

Wimbo umekatika.

Anavuta kamasi. Anapangusa jicho kwa mkono wa gauni. Anacheka kidogo, anasema jamani, leo vinaliza! Shemeji kutoka sebuleni anasema labda vimejua ni sikukuu.

Dada amekiweka kisu.

Amechukua kingine. Amekinusa. Amekirudisha mezani polepole. Amelivuta boksi juu, amelishika kwa mikono miwili, anasoma lile neno. Anatazama mikono yake. Machozi yanamtoka na hayapangusi.

Kengele ya mlangoni. Ni wao, namsikia Wilkister anapiga vigelegele toka kwenye ngazi. Shemeji anakwenda kufungua, anaita mama Fulani, mama Fulani, wageni wako!

Sisikii kisu tena.

Severin, ananiita. Si kwa nguvu. Severin, hebu njoo hapa. Boksi hili la nani?