Nafasi ya Namba Sita

3 Machi

Kwako Brashi,

Salamu nyingi, ndugu yangu. Hujambo? Mama naye hajambo? Bado anakupigia kelele ukiingia ndani na rangi miguuni? Mimi mzima, nashukuru. Bado nahangaika kutengeneza lifti za watu, kutwa nimo kwenye shimo la jengo napaka nyaya grisi, natoka mweusi kama chini ya sufuria.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka minne si mchezo. Barua hii nimeianza mara saba nikaichana, basi acha niseme bila kuzunguka: ninaye Namba Sita. Yuko juu ya kabati langu, ndani ya boksi lake, selotepu ya kiwandani haijaguswa. Wale roboti wa kuchezea wa Kikosi cha Sayari Nyekundu tuliwanunua wewe na mimi, mmoja mmoja mpaka wakatimia sita, tukaapa kwamba hatafunguliwa hata mmoja wala hawatatenganishwa. Asubuhi ya safari yangu, ulipokuwa bafuni, nikamtia Namba Sita kwenye begi. Nilitaka kitu cha nyumbani. Lakini wizi ni wizi.

Tena kinachoninyima raha zaidi si wizi. Ni ile siku uliponipigia simu kumuulizia, nami nikakujibu, "Si plastiki tu, bwana?" Ukakata. Nikabadilisha namba kwa aibu, nikajifanya nimebanwa na kazi.

Haikuwa plastiki tu. Nisamehe, Brashi. Niandikie hata mstari mmoja, nimrudishe kwa wenzake. Ukinyamaza nitajua hujanisamehe, na sitakusumbua tena.

Ni mimi ndugu yako,
Mrefu


29 Machi

Kwa ndugu yangu Mrefu,

Pokea salamu. Mimi sijambo, na Mama hajambo, anakusalimu sana. Je, unakula vizuri? Usiingie kwenye hayo mashimo ya lifti bila kitu kizito kifuani.

Usishangae mwandiko. Nilianguka ngazi nikichora bango la duka la viatu, mkono umefungwa bandeji, kwa hiyo mimi nasema na Mama anaandika.

Nimekusamehe. Nimekusamehe yote, kumchukua yule na lile neno ulilosema. Usijilaumu tena, wala usiseme kwamba hutanisumbua. Utuandikie.

Wenzake watano wapo, wazima. Wiki jana nimewatoa kwenye maboksi nikawaogesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikawaanika dirishani. Wanang'aa hao! Maskini, mle ndani walikuwa hawapumui.

Vaa soksi.

Ni mimi ndugu yako,
Brashi


17 Aprili

Mama, shikamoo.

Natumaini barua hii imekukuta na afya njema. Imekuja kwako wewe, si kwa Brashi.

Ile barua nilipoipata niliisomea kazini, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza nimeoa lini. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miaka minne. Nikaisoma tena. Mara ya tatu ndipo nikafika pale kwenye maji ya uvuguvugu, nikaacha kucheka.

Mama, Brashi hawaogeshi roboti. Brashi alinizaba kofi siku niliponyanyua pembe ya selotepu kwa ukucha. Aliwatundikia pazia jua lisipaushe maboksi. Macho ya Namba Tatu ni ya karatasi, yakilowa yanabanduka, na aliyenifundisha hivyo ni yeye. Hata mkono ungekatika kabisa, asingeruhusu mtu awatoe.

Wewe umenilea tangu nilipofiwa na wazazi wangu, umenifulia nguo pamoja na zake kwenye beseni moja. Nikikuuliza kitu utanijibu. Yuko wapi? Amenikasirikia kiasi kwamba amekuachia wewe unibembeleze? Basi niambie tu, nitavumilia. Au

Nimeandika hiyo "au" nikashindwa kuendelea. Nijibu haraka, Mama. Namba yake ya simu haipatikani.

Ni mimi mwanao,
Mrefu


11 Mei

Kwa mwanangu Mrefu,

Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo kidogo. Kaa kitako ndipo usome.

Umenishika. Ni kweli alianguka ngazi akichora bango la duka la viatu, tarehe kumi na mbili Februari. Lakini hakuumia mkono. Alianguka kwa kichwa, na hakuamka. Tulikutafuta kwa ile namba yako ya zamani mpaka siku ya mazishi. Barua yako ilifika mwezi mmoja baadaye, imeandikwa jina lake, nami nikaifungua.

Ulisema akinyamaza utajua hajakusamehe. Nilikaa na lile neno siku tatu, silali, sili. Nilikuwa nimempoteza mmoja, nikaona huyu wa pili naye atakwenda zake akidhani amechukiwa. Ndipo nikashika kalamu. Nisikufiche na jingine: nilipoandika "mimi" kwa niaba yake alikuwa kama yupo mezani ananiambia niandike nini. Ule ukurasa mmoja niliuandika polepole sana.

Kuhusu roboti, ulivyosema ni sawa, macho ya Namba Tatu yamebanduka. Yako kwenye kisahani, naogopa hata kuyapulizia. Sikujua, mwanangu. Wewe unajua kazi yangu. Nimekuwa dobi tangu kabla hamjazaliwa, nikishikwa na jambo mimi hufua. Nilifua shati zake zote, na suruali za kazi mpaka rangi ya mabango ikatoka. Nikafua mapazia, nikafua shuka ambazo hakuwahi kuzilalia. Ikafika siku nikazunguka nyumba nzima na beseni, sikuona tena kitu chake cha kufua. Ndipo nikawatazama wale watano kwenye rafu.

Sasa unataka kujua kama alikusamehe. Ningeweza kukudanganya tena, lakini wewe utanijua tu. Sijui, mwanangu. Jina lako hakulitaja miaka yote hiyo, si kwa ubaya wala kwa wema. Ninachojua ni kwamba wale watano aliwasogeza upande mmoja, wakabanana, na ile nafasi ya Namba Sita akaiacha wazi. Kila Jumapili alifuta vumbi rafu nzima, na pale pasipo na kitu pia. Mara moja nilitaka kuweka saa pale, akaniambia, "Hapana, Mama, hapo pana mtu." Kama ilikuwa hasira au ilikuwa kukungoja, mimi mama yake sikumuuliza. Najuta kwamba sikumuuliza.

Usimtume Namba Sita kwa posta. Njoo naye.

Ni mimi,
Mama yako


2 Juni

Mama, shikamoo.

 Nimelia kwenye shimo la lifti mpaka msimamizi akateremka kunitoa. Nilikuwa na miaka minne ya kupiga simu moja, Mama. Nilikuwa nangoja nipate maneno mazuri.

Nimeomba ruhusa kazini, nafika tarehe ishirini. Naja na gundi nzuri kwa ajili ya macho ya Namba Tatu, nitayabandika mwenyewe, usiyaguse.

Namba Sita nimemfungua. Nimekata ile selotepu kwa kisu cha kazi. Nilijua Brashi angenizaba kofi jingine, nikangoja pale pale kama mjinga, nikitamani linipate. Kisha nikamtia kwenye mfuko wa ovaroli, na sasa ni wiki ya pili nashuka naye shimoni kila siku. Amejaa grisi mpaka shingoni, viungo vimeshika vumbi, hata namba yake ya kifuani haisomeki. Sijamfuta na sitamfuta.

Naja naye hivyo hivyo, pamoja na ovaroli aliyokaa mfukoni mwake. Niwekee beseni tayari, Mama. Nimekuletea cha kufua.

Ni mimi mwanao,
Mrefu