Baba, Leo Hatukuvuka Korongo

Kwako Baba yetu, Bimurza Gulbani,

Mwaka umetimia tangu mgeni tusiyemjua aliposukuma mlango wetu mchana wa Aprili, amelowa hadi kifuani, kofia yako ya sufu mkononi. Bibi akamwuliza, "Mwenye kofia yuko wapi, mwanangu?" Mgeni akakaa sakafuni.

Baadaye alitueleza. Alikuwa akienda kijiji cha juu, akakukuta umekaa ukingoni mwa korongo. Ukamwambia, "Kijana, kaa tule mkate. Kuku wameshaanza kushuka." Hakujua kwamba kuku wako ni vile vibonge vya theluji vinavyojiviringisha vyenyewe jua linapoupiga mteremko. Akacheka, akakwambia, "Wafungie banda, mzee," akapita. Katikati ya korongo akazama hadi mapajani. Ukamfuata. Ulimsukuma nyuma ya mwamba, na theluji ya mlima mzima ikakushukia wewe.

Tunakukumbuka kila alfajiri, Baba. Kila mwaka theluji ilipoanza kulainika, wewe ndiye uliyetangulia korongoni na fimbo yako. Ukiichoma fimbo ikagoma kuzama, ulipiga mluzi, watu wakavuka mmoja mmoja, wanafunzi kwanza, wewe mwisho. Jua likishagusa mteremko hakuvuka mtu. Bwana harusi mmoja ulimlaza jikoni kwetu na suti yake. "Amekungoja mwaka mzima, usiku mmoja utamshinda?" ulimwambia. "Ila akikuacha, usije kunidai mke."

Ulikoroma. Ng'ombe uliwaamkia kwa heshima zaidi kuliko ulivyomwamkia diwani. Niliporudi na shahada yangu kutoka Tbilisi uliishika kwa ncha za vidole, ukasema, "Msomi tunaye. Sasa nani atakamua?" Kisha ukatoka nje ukalie zizini, tusikuone.

Jioni ile ile ulituapisha mezani. "Makaburi yetu yako ng'ambo ya korongo. Nikifa, theluji ikiwa laini msivuke, hata kwa ajili yangu. Mimi nitakuwa na nafasi ya kungoja." Mama alikujibu, "Nyamaza ule." Lakini tuliahidi sote, na yeye pia.

Mama bado anagombana na kiti chako. "Sheria ukatutungia sisi, mwenyewe ukaivunja kwa mtu hata jina hulijui." Akimaliza, anakuwekea sahani. Nyumba imekuwa kubwa, Baba. Tunaongea kwa sauti ya chini bila kujua kwa nini.

Mimi nafundisha hapa hapa. Kabla ya kuingia darasani, watoto wanasimama wautazame mteremko, kila mmoja aseme anachokiona. Mdogo kuliko wote huwa anaona kuku hata Januari. Simkatazi. Naamini watakuja kuwa wengi wanaojua ulichokijua, na kazi yako haitamwelemea mtu mmoja tena.

Leo ilikuwa siku ya kukuandalia meza kaburini, tukuwashie mshumaa, na Mama avue nguo nyeusi. Alioka mikate ya nyama tangu jana. Lakini usiku theluji haikuganda. Tulipofika ukingoni, fimbo yako ilizama hadi kwenye mshiko.

Ndugu yangu Gegi akasema, "Mama, tukikimbia tutafika. Unaona msalaba wake ule pale."

"Nauona."

"Utakaa na nguo nyeusi mpaka lini?"

Mama aliangalia ng'ambo kwa muda mrefu. Nilidhani atakwenda, na ningemfuata. Kisha akasema, "Weka kikapu chini, mwanangu." Tukatandika kitambaa juu ya theluji, tukakumegea mkate wako, tukala tumekuelekea. Mshumaa haukuwashwa. Huo huwashwa kaburini tu.

Tuliokaa ukingoni ni mama yako Maro, mkeo Tsiala, na sisi wanao, Tamta na Gegi. Hakuna siku itakayopita bila jina lako kutajwa kwetu.

Mlima ulitulia kutwa nzima. Hakikuporomoka kitu mpaka jua likazama. Tungeweza kuvuka, Baba. Hatukuvuka.