Hema la Miavuli Kumi na Mmoja

Buterere, Bujumbura
Tarehe 19 Machi 2002

Mpendwa ndugu yangu Murhula,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla hasira haijanishinda. Hali yako huko Liège? Ule mguu uliouvunja kwenye barafu umepona sawasawa? Sisi huku tupo. Lisette, mke wangu, alilala na malaria wiki mbili, sasa anatembea na kugomba kama kawaida yake. Mimi bado ni mtunza stoo kule Quartier Industriel. Mvua imetutesa sana mwaka huu.

Barua yako ilifika Jumanne iliyopita. Kurasa nne! Unasema Hyacinthe, niliyempa barua yangu akuletee, alipokuja huko alikuambia kwamba hema ulilonitumia nimelitupia majirani, nikaenda safari na kitambaa cha ajabu nilichoshonewa Buyenzi. Umeniita mtu asiye na shukrani. Sasa kaa kwenye kiti usome, maana mimi ni mkubwa wako na leo nitasema.

Mwezi wa kumi nilikuandikia nini? Nilikuandikia kwamba mama yako amepatikana. Tangu vita ilipofika kule kwao Makamba hatukujua kama yeye, shangazi yangu Consolée, yuko hai. Ndipo muuza mawese mmoja akatuambia amemwona katika kambi ya wakimbizi juu ya Nyanza-Lac, amevimba miguu, hawezi kutembea. Nikaamua kumfuata kwa baiskeli, kwa sababu mabasi ya njia ile yalikuwa yanavamiwa. Nilitaka kwenda peke yangu. Wanaume wawili kwenye baiskeli huku wanaitwa waasi, mmoja wanamwona mchuuzi. Barabara ilikuwa inafungwa saa kumi alasiri, na hakuna anayethubutu kumlaza mgeni asiyemjua, maana kesho yake ataulizwa kamlaza nani. Kwa hiyo nikakuomba hema dogo, jepesi, la mtu mmoja, lisilong'aa. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo yote.

Wewe ukanitumia nyumba! Rangi ya chungwa, la watu sita, na vyuma vyake. Nililipima kwenye mizani ya stoo: kilo kumi na mbili na robo. Nilipolifunga kwenye keria, gurudumu la mbele likainuka. Lisette alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza, "Huyu ndugu yako alisoma barua au aliinusa tu?"

Hebu fikiria. Rangi ile ingeonekana kutoka kila kilima mpaka Rumonge. Vyuma vile vikiwa katika mfuko wake mrefu, askari akiviona kwa mbali angedhani ni nini? Na wakati wa kurudi, mama yako ningempakia wapi? Keria ni moja, Murhula!

Nikaenda kwa Massoudi, fundi cherehani wa Buyenzi. Kwanza alitaka kunishonea shitingi, yale maturubai ya wakimbizi. Nikakataa, maana maandishi ya mashirika yapo juu yake, ningeitwa mwizi wa misaada. Kitambaa cha kijani nacho ni cha jeshi, kinaua. Massoudi akakuna kichwa, akatoa chini ya meza rundo la miavuli iliyovunjwa na upepo.

"Hii haipitishe maji," akasema. "Na mutu hawezi kuuliwa juu ya mwavuli."

Akang'oa vitambaa vya miavuli kumi na mmoja. Mingi ilikuwa myeusi, mmoja wa maua, mmoja wa mtoto wenye picha za bata. Tulikaa siku mbili tukibishana. Yeye alitaka mlango mpana, mimi nikakataa, kila shimo ni uzito. Nguzo hatukuweka kabisa: baiskeli yenyewe ndiyo nguzo. Unaipindua, magurudumu juu, unafunga kamba kutoka hapo mpaka kwenye mti, unalaza kitambaa juu yake. Misumari ya kushikilia pembe ilikuwa spoki kuukuu nilizozikunja kichwa. Muuza ndagala akatupimia kwenye mizani yake: kilo moja na nusu, na harufu ya samaki bure. Nililikunja kama chapati, nikalifunga ndani ya pembetatu ya fremu, chini ya miguu yangu. Keria niliiacha na kichane cha ndizi tu. Keria iliyojaa inaita wezi, na iliyo tupu kabisa inaleta maswali.

Hilo ndilo unaloliita kitambaa cha ajabu.

Niliondoka tarehe tano Januari. Kabla ya Rumonge kuna bariyeri ya jeshi. Askari mmoja aliona furushi kwenye fremu, akalivuta.

"Hii ni nini?"

"Ni hema, shefu."

"Raia anafanya nini na hema? Unalala porini na nani?"

"Na mtu hapana, shefu. Mi ninaenda kuchukua shangazi yangu, ni mugonjwa."

"Isimamishe hapa, tuone."

Murhula, niliipindua baiskeli katikati ya barabara, saa tano ya asubuhi, mbele ya wanawake waliobeba mihogo. Kwa kukosa mti, kamba niliifunga kwenye nguzo ya bariyeri. Hema liliposimama, wakaniamuru niingie ndani. Nikaingia. Nikakaa humo nimekunja magoti kama kuku wa sokoni, wao wakilizunguka. Mmoja akaona bata wa yule mwavuli wa mtoto. Akacheka. Akawaita wenzake, nao wakacheka, na nilipowasikia wanacheka nilijua sitauawa. Lakini nilikuwa nalia kwa hasira humo ndani, mwanaume wa miaka arobaini na mitatu. Walikula ndizi zangu wakaniacha nipite. Sasa niambie wewe, mwenye kurasa nne, lile la chungwa na vyuma vyake lingewachekesha?

Kambini nilimkuta mama yako amelala kwenye majani, chini ya kipande cha bati. Hakunitambua. Nilipotaja jina la baba yangu, yaani kaka yake, akanishika shati asiliachie. Nikampakia kwenye keria, nikamfunga kwa kanga mgongoni mwangu. Kwenye miinuko nilisukuma. Tulitumia siku tatu. Alilala ndani ya hema katika mashamba ya michikichi, mimi nje nimejifunika koti la mvua. Kulinyesha, na asubuhi alitoka mkavu. Alisema, "Jérémie, tangu nyumba yetu iungue, leo ndio nimelala." Maneno hayo nilikusudia kukuandikia siku moja kwa upendo. Umeniharibia.

Na hema lako? Lipo, halijauzwa wala kutupwa. Mwezi wa pili mto ulifurika, nyumba kumi za mtaa wetu zikaanguka kama biskuti kwenye chai. Jirani yetu Candide, na wanawe watano, na mama mkwe wake, wanaishi ndani yake mpaka leo. Ni hema zuri. Kwa watu wasiokwenda popote ni hema zuri sana. Candide anakuombea kila jioni, na mimi nimemwacha akuombee.

Lakini si hilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mama yako hasomi, unajua. Jumanne alipoona stempu ya Ubelgiji alivaa kitambaa kipya kichwani, akakaa mbele yangu akaniambia nimsomee. Nikasoma. Ukurasa wa kwanza hema. Wa pili hema, na vyuma, na jinsi ya kulianika lisiote ukungu. Wa tatu shukrani zangu ambazo hukuziona. Wa nne unataka picha nikiwa nimesimama mbele yake. Nilikuwa nimekuandikia, Hyacinthe akakupa mkononi, kwamba mama yako amefika salama. Nilipomaliza, shangazi akasema, "Endelea."

Nikamwambia imekwisha.

Akasema, "Geuza karatasi."

Nikageuza. Nyuma kulikuwa kweupe. Nikamtazama na kitambaa chake kipya, na mimi ambaye sikuwadanganya hata wale wa bariyeri, nikasoma: "Mama yangu mpendwa, ninakufikiria kila siku, nitakuandikia barua yako mwenyewe hivi karibuni." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Tangu hapo anawaeleza majirani.

Usinifanye niseme uongo huu mara ya pili, Murhula. Kata karatasi, andika jina lake juu, na neno hema lisiwemo.

Lisette anakusalimu, Candide na wanawe wanakusalimu, Massoudi naye ingawa hakujui. Nisalimie dada yako Benite mkionana. Mungu akulinde na barafu hiyo, akupe riziki, na akulainishe moyo kabla sisi hatujazeeka.

Mimi ndugu yako, ninayekupenda hata leo,

Jérémie Namegabe