Saa ya Bata na Maji ya Bomba

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepepeta alizeti, mgongo haufai tena. Eliza naye kashinda mezani na saa ya kuchezea ya bata, ile niliyomnunulia mnadani akiwa mdogo. Kaitoboa, katia kidude kinachoshika mtandao. Hamisi wa bomba akiandika kwenye kundi la simu kwamba kesho maji saa fulani, mshale unakwenda wenyewe. Mimi na simu yangu ya kitochi kundi nitalionea wapi? Sasa nina saa. Nimezaa, jamani. Ihanja nzima nani mwingine?

Jumanne, 5 Agosti
Kamati ya maji imemwambia Eliza: saa ya bata ikisema kweli kesho, atengeneze kubwa, ifungwe bombani. Nimepita kwa kila mama mwenye kitochi. "Saa ya mwanangu imesema, maji saa saba mchana. Asubuhi laleni." Eliza alikuwa ananieleza kitu mlangoni. Sikusikia, nilikuwa nawahi kwa Mama Yohana.

Jumatano, 6 Agosti
Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Maji yametoka saa moja asubuhi. Sisi tumefika saa saba, bomba lina kufuli. Mama Yohana ana wageni wa posa na hana hata maji ya chai. "Peleka bata wako akaogelee," kaniambia mbele ya watu. Wakacheka. Eliza akasema, "Samahanini mama zangu, saa yangu imekosea." Kamati ikasema basi, mpango umekufa.
Wivu tu. Binti zao hata redio hawawezi kufungua.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemfokea Eliza. Mshale si ulikuwa kwenye moja? Mwenye macho yake si anasoma saa saba?
"Ulikuwa saa moja, mama. Nilikuwekea kwa saa zetu ili usigeuze. Nilikwambia mlangoni."
Maisha yangu yote saa ikionyesha saba nasoma moja, ikionyesha moja nasoma saba. Nimegeuza kisichogeuzwa. Na yeye pale bombani alishajua. Kabeba aibu yangu. Hasira yote imenirudia mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti
Leo bombani nimesema mbele ya foleni. Saa haikukosea, nimekosea mimi.
"Shida yako mdomo, Mama Eliza," akasema Mama Yohana.
Mwenyekiti wa kamati kasema watafikiria. Basi, hivyo tu.
Jioni Eliza kauliza aubadilishe mshale uwe kama wa saa za wengine. Nimemwambia auache. Uko kwenye mbili. Nimemwomba anisomee yeye, ndipo nikaenda kumwambia Mama Yohana.