Pamba kwenye Tundu za Skurubu

Likoni, Jumatano alasiri. Upepo wa kusi unavuma tangu asubuhi, na kila dirisha likigonga, nainuka kutazama bahari.

Jana nilifunga chuma cha kamba ya nanga kwenye sitaha ya boti ya Shanzu, ile anayoiendesha Hamisi, mume wa dada yangu. Hupeleka wageni wa hoteli mwambani kutazama samaki. Chuma kile kiking'oka, boti inakwenda na maji mpaka kwenye miamba.

Kazi ya haki ni bolti zipenye sitaha, chini uweke ubao mnene, washa ya chuma, kisha nati. Lakini kule mbele chini pamezibwa, mkono haufiki. Nilitaka kukata kidirisha, mwenye boti akakataa katakata, eti rangi ni mpya. Ningekusanya vyombo vyangu nikaondoka. Wapi! Nilishajigamba mbele ya watu kwamba hakuna boti iliyowahi kunishinda.

Nikatia skurubu. Mbao zimeoza kwa ndani, skurubu zikawa zinazunguka tu. Basi nikachukua pamba ya kalafati, ile tunayozibia nyufa za mbao, nikaishindilia tunduni pamoja na gundi. Skurubu zikakaza.

Pamba huzuia maji. Haizuii boti.

Hamisi alikivuta kile chuma kwa mikono miwili, akacheka: "Mashallah, fundi!" Nami nikaipokea sifa hiyo. Wallahi najionea haya.

Leo hawakutoka. Kesho wanatoka, upepo uwe usiwe.

Mchana huu dada Mwanaidi amekuja na mkate wa kumimina, shukrani kwa kazi niliyomfanyia mumewe. Nimemwamkia shikamoo, nimekaa, mkate nimeusogeza kando. Akaniambia kwa furaha kwamba kesho Hamisi atamchukua naye, maana miaka yote hiyo hajawahi kupanda boti ile.

Nikamwambia yote. Pamba, gundi, majigambo yangu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliufunika mkate kwa kawa, akasema taratibu, "Twende ukamwambie Hamisi mwenyewe, mbele ya hao hao uliojigamba kwao. Ukinyamaza, mimi kesho napanda."

Namjua dada yangu. Atapanda kweli.

Yuko mlangoni ananingoja, buibui amekwisha kujitanda. Naogopa macho ya Hamisi kuliko nilivyowahi kuogopa bahari. Naandika haya huku nikitafuta viatu.